Kiswahili na Njia ya Nukta

Wako walimu wenzetu wa Kiswahili washikiliao kwamba jometri si kazi yao, na wako wa hisabati wadaio kwamba Kiswahili hakiiwezi jometri. Pande hizi mbili zimepatana bila kukutana, na apataye hasara ni mwanafunzi. Makala haya yanazipinga zote mbili kwa mfano mmoja: kuchora kwa kompyuta njia ya nukta iendayo.

Programu itumikayo sana kwa kazi hii ni GeoGebra, iliyoanzishwa na Markus Hohenwarter katika Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria, mwaka 2001. Ndani yake mwendo wa nukta huonyeshwa kwa namna mbili. Ya kwanza huiacha nukta itie alama kila ipitapo. Ukiikokota upesi alama huachana, na ukikuza picha hufutika. Ya pili huchora mkondo mzima kwa mara moja, nao hudumu na kubadilika pamoja na mchoro. Je, Kiswahili hakina maneno ya kuzitenga namna hizi? La hasha! Ya kwanza ni nyayo, ya pili ni njia. Mtoto ye yote wa Nkoma ajua kwamba mvua hufuta nyayo, lakini njia iendayo sokoni hubaki.

Wapo pia wasemao kwamba kompyuta imetuondolea haja ya maneno: mwanafunzi akiiona njia, yatosha. Hoja hii haina mguu wa kusimamia. Chukua ngazi ya mita 4 iliyoegemezwa ukutani, iteleze mpaka ilale sakafuni. Nukta ya katikati yake hupita wapi? Wengi hudhani mkondo wake utabonyea kuelekea pembe ya ukuta na sakafu. Kompyuta huonyesha kinyume: robo ya duara, iliyobenuka mbali na pembe hiyo. Lakini kompyuta haisemi kwa nini. Sababu husemwa na mtu. Ngazi, ukuta na sakafu hufanya nusu ya mstatili. Mistari miwili ya mshazari ya mstatili ni sawa kwa urefu, nayo hukatana katikati. Ngazi ni mmojawapo, na wa pili hutoka pembeni. Kwa hiyo nukta ya katikati haiachi kuwa mita 2 kutoka pembeni, hata ngazi iteleze vipi. Hilo ndilo sharti, na njia ni zao la sharti. Katika hoja hiyo nzima, ni neno mita tu lililotoka Ulaya.

Wala maneno haya si mageni. Shule za msingi za serikali nchini Tanzania zimefundisha hisabati kwa Kiswahili tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Duara, kipenyo na pembetatu ni maneno ya kila siku darasani huko.

Kwetu Uganda, marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipendekeza kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Lakini sheria haiijazi lugha maarifa. Tukiishia kwenye salamu, ngeli na methali, twamfundisha mtoto kubisha hodi bila kumwingiza nyumbani. Ndipo wazazi wa Mbale na Jinja waendeleapo kukihesabu Kiswahili kuwa lugha ya soko na ya askari, nasi hatuna la kuwajibu.

Basi, ndugu walimu, kila muhula tutenge kipindi kimoja tukae pamoja na mwenzetu wa hisabati. Kompyuta isiwashwe kwanza. Kila mwanafunzi aandike sharti la nukta kwa sentensi moja ya Kiswahili, ndipo mchoro uhakikishe au ukanushe. Pasipo kompyuta, mbuzi, kamba na kigingi vyatosha. Asiyeweza kuiandika sentensi hiyo hajaijua njia, hata akiiona mara mia.