Kabla ya kisu, muulizeni maji anateka wapi

Baba mdogo alitolewa kibofu kwa sababu ya saratani. Aliporudi nyumbani Gisenyi, kuliani mwa kitovu palikuwa na kitundu chekundu, chenye unyevu kama ndani ya mdomo, na mfuko umebandikwa juu yake. Mkojo hudondokea humo mchana na usiku.

Njia hiyo, aliyoieneza daktari Mmarekani Eugene Bricker mwaka 1950, hutumia kipande kifupi cha utumbo mwembamba, kama sentimita 15. Njia nyingine hushona kibofu kipya kwa utumbo wa sentimita 50 hivi, na mtu hukojoa kwa njia yake ya kawaida. Inavutia, lakini inadai figo zenye afya, kuamka usiku kwa saa maalumu, na pengine kujipitishia mpira wa mkojo kwa mikono safi.

Baba mdogo hakuelezwa hata moja. Mimi nasema mgonjwa aelezwe zote kabla ya kutia sahihi, na aulizwe: maji unateka wapi? Mifuko utainunua wapi, maana hubadilishwa kila baada ya siku chache?

Siku moja mfuko ulibanduka akiwa kwenye foleni ya mpakani, Petite Barrière, akienda Goma. Akaacha hata msikiti. Ilipita miezi ndipo imamu akamfafanulia kwamba mwenye udhuru kama wake hutawadha wakati wa swala unapoingia, kisha huswali. Miezi yote hiyo alikuwa akiswali peke yake chumbani, mlango kaufunga.