Ramani Haioni Nyumba Bila Ardhi

Juzi kijana mmoja mkadiriaji wa ardhi alinionyesha Mombasa nzima ndani ya kompyuta. Ni kazi ya kusifiwa, wala simnyimi haki yake. Chini ni picha ya setilaiti, juu yake barabara, mabomba ya maji, mipaka ya viwanja, kisha bei za viwanja vilivyouzwa. Kompyuta hupima umbali wa kila kiwanja kutoka barabarani, sokoni na baharini, ikalinganisha na bei za majirani, ikatoa thamani ya kile ambacho hakijauzwa kamwe.

Faida yake naijua. Hata mwaka 2019, lilipotungwa daftari jipya, Nairobi ilikuwa bado ikitoza kodi ya ardhi kwa daftari la mwanzoni mwa miaka ya 1980. Daftari kuukuu kiasi hicho humdhulumu mmoja likampendelea mwingine.

Lakini nilimwomba anipeleke Majengo, kwenye nyumba ya marehemu bibi yangu. Akaipata upesi: paa la mabati, barabara karibu, rangi nyekundu.

"Mzee, hapa pana pesa," akaniambia akitabasamu.

Pesa za nani? Paa ni letu, na kuta, na vyumba sita, na baraza. Ardhi si yetu. Bibi alimlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja maisha yake yote, na stakabadhi alizitia mkebeni, mkebe chini ya kitanda. Ndiyo desturi ya Pwani: nyumba huwa ya mtu na ardhi ya mwingine, kama mnazi ulivyoweza kuwa na mwenyewe na shamba likawa na wake. Mtu huirithi nyumba, huozesha binti zake ndani yake, na udongo wa chini si wake hata ukufi mmoja.

Sasa, kwa miaka mingi miji yetu ilitoza kodi kwa thamani ya ardhi tupu, jengo halikuhesabiwa. Rangi ile nyekundu ikizidi, mwenye ardhi hutozwa zaidi, naye huja kwetu kuongeza kodi ya kiwanja. Au humwuzia tajiri, na tajiri haulizi habari za bibi wa mtu; huagiza nyumba iondolewe. Faida yake, hasara yetu.

Nikamwuliza kijana, ramani inayoonyesha haya ni ipi? Akatafuta. Ya mafuriko ilikuwapo, ya maji taka ilikuwapo. Ya nyumba bila ardhi hapana, na setilaiti haitaiona daima. Hiyo hupatikana kwa kupiga hodi, kuketi barazani na kufunguliwa mikebe. Mimi nasema bei isiandikwe daftarini kabla watu hawajatumwa mitaani kuandika kila nyumba na mwenyewe, kila kiwanja na mwenyewe.

Stakabadhi za bibi ninazo. Nimemwalika kijana aje azisome. Bado namngoja.