Rubondo: Waliokihama Wakione

Kupanda milima na kutembea porini kwa ajili ya kuona na kujifunza kumezoeleka kuhesabiwa kuwa ni anasa ya wageni. Fikra hiyo haina msingi, tena inawapotezea wananchi haki yao.

Hapa Kisesa mtoto hukulia juu ya majabali. Kupanda si jambo geni kwake. Na katika Ziwa Viktoria hili hili kimo kisiwa cha Rubondo, ambacho Milima yake ya Masa hufikia mita 1,486 juu ya usawa wa bahari, yaani takriban mita 350 juu ya maji ya ziwa. Sehemu kubwa ya kisiwa imefunikwa na msitu. Humo wamo nzohe, tembo, na sokwe mtu ambao ni kizazi cha wale walioletwa kutoka Ulaya kati ya mwaka 1966 na 1969. Wanyama waliokuwa wamefungwa waliachiwa huru, wakazaa na kuenea.

Yafaa tukumbuke gharama yake. Rubondo ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1977, lakini wakazi wake walikuwa wamekwisha kuhamishwa katika miaka ya 1960, wakapelekwa visiwa vya jirani na bara. Wengi wa wajukuu wao wanakijua kisiwa hicho kwa mpaka wake tu: hapa usivue, hapa usitie nanga.

Katika Tamko la Arusha la Septemba 1961, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba wanyama na mapori yao ni dhamana tuliyoshika kwa ajili ya vizazi vijavyo. Lakini asiyekujua hakuthamini. Amana haiwezi kulindwa na mtu aliyekatazwa kuigusa bila ya kuoneshwa kamwe.

Kiingilio cha mwananchi ni kidogo kuliko cha mgeni. Kizuizi kikubwa ni chombo cha kuvukia. Kwa hiyo twawaomba viongozi wa hifadhi na wa halmashauri za kandokando ya ziwa watenge boti, walau mara moja kila muhula, kuwachukua wanafunzi wa Maisome, Kome na Ukerewe pamoja na walimu na wazee wao, wakatembee milimani humo wakiongozwa na askari wa hifadhi.

Nanyi ndugu wa visiwani, msingoje kubembelezwa. Daini safari hiyo katika mikutano ya vijiji vyenu. Aliyemwona nzohe kwa macho yake ndiye atakayekuwa wa kwanza kumkemea mtega mitego.