Bingwa wa chemsha bongo si lazima awe mjuzi kuliko wote

Kipindi cha chemsha bongo cha Jeopardy! kilichorushwa tarehe 3 Juni 2019 kiliwaacha watazamaji wengi wa Marekani wakimshuku James Holzhauer kwamba kashindwa makusudi. Mcheza kamari huyo wa Las Vegas alikuwa ameshinda michezo 32 mfululizo na kukusanya dola 2,462,216. Zilibaki dola 58,484 tu amfikie Ken Jennings, aliyeweka rekodi mwaka 2004. Mtu aliyezoea madau ya makumi ya maelfu, siku hiyo kwenye swali la mwisho aliweka dola 1,399. Wanaojua hesabu za mchezo hawakushangaa. Holzhauer alifika swali la mwisho akiwa na dola 23,400, nyuma ya Emma Boettcher, mkutubi kutoka Chicago, aliyekuwa na 26,600. Wa tatu alikuwa na 11,000. Anayeongoza kwa kawaida huweka dau la kutosha kumpita wa pili hata kama huyo ataziweka fedha zake zote na kujibu sahihi, kwa hiyo tumaini pekee la Holzhauer lilikuwa Boettcher akosee. Akiweka 1,399 na yeye mwenyewe kukosa, angebaki na 22,001, dola moja juu ya kiwango cha juu ambacho wa tatu angeweza kufika. Boettcher naye aliweka 20,201 ili afikie 46,801, dola moja juu ya mara mbili ya fedha za bingwa. Wote wawili walijibu sahihi. Swali halikuwatenganisha, walitenganishwa na fedha walizoingia nazo.

Nimeianza hoja yangu na dola hizo mojamoja kwa sababu zinaeleza kitu ambacho sifa za mabingwa hawa hukificha. Tunamwita mshindi kichwa, kamusi inayotembea, na wazazi humwonyesha mtoto televisheni wakimwambia asome awe kama yule. Lakini wanaofika kwenye jukwaa la Jeopardy! wameshachujwa kwa mtihani, na vidokezo vingi vinavyosomwa hapo wote watatu huwa wanavijua. Ushindi hutafutwa kwenye kidole na kwenye dau.

Tukianza na kidole: kipindi kiliporudi hewani mwaka 1984, mshiriki aliweza kubonyeza kitufe mara tu kidokezo kikifunuliwa. Mwaka uliofuata sheria ikageuzwa. Sasa lazima asubiri mtangazaji amalize kusoma na taa za pembeni mwa ubao ziwake. Akiwahi, kitufe chake hufungwa kwa robo sekunde, na robo sekunde hiyo inamtosha jirani yake kuchukua fedha. Februari 2011 kompyuta ya IBM iitwayo Watson ilishindanishwa na Jennings pamoja na Brad Rutter, ikamaliza na dola 77,147 dhidi ya 24,000 na 21,600. Mashine hiyohiyo, ilipoulizwa swali la mwisho lililohusu miji ya Marekani, ilijibu Toronto, mji ulioko Kanada. Ilikuwa na ujuzi mwingi, bila shaka, lakini kila ilipolijua jibu, ilikuwa pia na kidole kisichotetemeka wala kuchoka.

Hapo msomaji atauliza: kama ni hivyo, si tunatazama bahati nasibu iliyovishwa joho? Hapana. Tena naona kukiri kwamba huu ni mchezo ndiko kunakoulinda usiharibike. Katika miaka ya 1950 runinga ya Marekani iliuza kitu kingine, yaani shujaa mwenye elimu. Kipindi cha Twenty-One kilimpata Charles Van Doren, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia, kijana mtanashati wa ukoo wa waandishi, na watazamaji wakampenda. Mpinzani wake Herbert Stempel aliagizwa akosee. Mwaka 1959 Van Doren alikiri mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kwamba alikuwa akipewa maswali na majibu kabla, na mwaka uliofuata sheria ikatungwa kuharamisha hila hiyo. Waandaaji waliiba kwa sababu bidhaa yao ilikuwa ubongo wa mtu mmoja, na ubongo halisi una tabia ya kusahau katika siku mbaya. Kipindi kinachouza kanuni zake hakina haja ya kumbeba mtu, maana bingwa akianguka leo, kesho mchezo unaendelea. Jeopardy! yenyewe ilizaliwa kutokana na kashfa hiyo. Merv Griffin alikuwa akisikitika kwamba vipindi vya maswali vimeharibiwa jina, mkewe Julann akamtania: basi wape washiriki majibu, wao watafute maswali. Kipindi kikaanza tarehe 30 Machi 1964, na mpaka leo mshiriki hujibu kwa kuuliza.

Wapo wanaolalamika kwamba watu kama Holzhauer wameua ladha. Anaanzia chini ya ubao penye fedha nyingi, anarukaruka kutoka mada moja hadi nyingine akiwinda kidokezo kilichofichwa cha kuongezea dau, na mtazamaji aliyependa kuifuata mada taratibu anaachwa njiani. Lalamiko hili nalielewa. Ila Chuck Forrest alirukaruka vivyo hivyo mwaka 1985, na kanuni zikamruhusu. Kama kuna kasoro, wa kuulizwa ni aliyeandika kanuni. Lipo pia lalamiko kwamba kufutwa kwa kikomo cha michezo mitano mwaka 2003 kulileta mabingwa wasiong'oka. Jennings alishinda 74. Lakini aling'oka, na aliyemng'oa, Nancy Zerg, aliingia swali la mwisho akiwa na dola 10,000 dhidi ya 14,400 za bingwa. Aliweka 4,401. Ile dola moja tena.

Kwetu mashindano ya aina hii hupenda kuvaa sare ya shule. Celtel Africa Challenge, iliyoanza mwaka 2007 huku John Sibi-Okumu akiuliza maswali, iliwaleta wanafunzi wa vyuo vikuu, na ni rahisi matokeo ya namna hiyo kusomwa kana kwamba ni ripoti ya ubora wa chuo. Ilhali jadi yetu ilikuwa na akili zaidi katika jambo hili. Anayetega kitendawili kwanza husubiri aambiwe "tega", kisha wote hujaribu, na wakishindwa humpa mji. Akiukataa wampe mwingine. Akiukubali hujigamba kidogo jinsi alivyofika huko na kupokewa, halafu hutegua. Mji ule ni dau lililokubaliwa na wote kabla ya swali, na aliyeutoa hurudi usiku huohuo na kitendawili chake.