Anayepuuza mahakama leo asishangae kura ikikataliwa kesho

Katika miaka mingi niliyofundisha somo la historia na serikali hapa Nakuru, nimezoea kuchora ubaoni mihimili mitatu ya dola: Bunge, Mahakama na Serikali. Wanafunzi huikariri upesi, maana huulizwa katika mtihani. Siku moja kijana aliyeketi nyuma aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, mahakama ikitoa amri na Serikali ikakataa kuitii, ni nani atakayeilazimisha?" Nikamjibu kwamba Katiba ndiyo itakayoilazimisha. Darasa zima likacheka.

Kicheko kile hakikuwa cha utundu. Kilikuwa kicheko cha watoto wanaosikiliza taarifa ya habari pamoja na wazazi wao. Nilidaiwa jibu kamili siku ile, na leo nataka kulitoa.

Tuanze na tume itakayosimamia uchaguzi mkuu wa 2027. Mwezi Mei 2025, Mahakama Kuu iliamuru kwamba watu saba walioteuliwa na Rais William Ruto kuiongoza Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) wasitangazwe katika gazeti rasmi la serikali wala kuapishwa hadi kesi ya kupinga uteuzi wao iamuliwe. Bunge liliruhusiwa kuendelea kuwapiga msasa. Tarehe 10 Juni, amri hiyo ingali na nguvu, majina yao yalichapishwa. Tarehe 10 Julai, majaji watatu walitoa hukumu yenye pande mbili. Uteuzi wenyewe waliuacha usimame, lakini tangazo la 10 Juni wakalifuta kwa kuwa lilikaidi amri ya mahakama. Siku hiyo hiyo tangazo jipya likatolewa, na kesho yake mwenyekiti Erastus Ethekon na wenzake sita wakaapishwa.

Msomaji na atafakari jambo hili kwa makini. Serikali ilishinda kesi. Lau ingalisubiri siku thelathini tu, ingalipata kila ilichokitaka bila doa. Ni kweli kwamba tume ilikuwa haina mwenyekiti tangu Januari 2023 na haja ilikuwa kubwa. Hata hivyo, taasisi ambayo kazi yake ni kutushawishi kwamba sheria imefuatwa ilizaliwa kwa tendo la kuvunja sheria. Hilo si kosa la makamishna wenyewe, lakini ndio mzigo waliotwikwa kabla hawajahesabu kura hata moja.

Wala hilo si tukio la pekee. Mnamo Septemba 2024, aliyekuwa Kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi, Gilbert Masengeli, alihukumiwa kifungo cha miezi sita kwa kudharau mahakama, baada ya kukosa kufika mara kadhaa mbele ya Jaji Lawrence Mugambi kueleza walikokuwa watu watatu waliotekwa Kitengela. Badala ya polisi kumpeleka mkubwa wao gerezani, jaji ndiye aliyeondolewa walinzi. Masengeli hatimaye alifika, akaomba radhi, na adhabu ikafutwa. Katika utawala uliotangulia, Machi 2018, Jaji George Odunga aliwatoza faini ya shilingi 200,000 kila mmoja Waziri wa Usalama wa Ndani Fred Matiang'i, Katibu wa Uhamiaji Gordon Kihalangwa na Inspekta Jenerali Joseph Boinnet, kwa kukaidi amri zilizomhusu wakili Miguna Miguna, ambaye alifurushwa nchini licha ya amri hizo.

Kuna kinaya kinachotuhusu sisi wa Nakuru. Mnamo 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba Rais hana hiari ya kuchagua ni yupi wa kumwapisha miongoni mwa majaji waliopendekezwa na Tume ya Huduma za Mahakama. Hata hivyo, Juni 2021, Rais Uhuru Kenyatta aliwateua 34 na kuwaacha sita. Mmoja wa walioachwa alikuwa Jaji Joel Ngugi, aliyekuwa akihudumu katika Mahakama Kuu ya mji huu. Dkt Ruto alipoapishwa Septemba 2022, jambo miongoni mwa yale aliyoyatangaza siku ile ile lilikuwa kuwateua hao sita. Mimi nilishangilia. Ndiyo maana hatuwezi kusema kwamba Rais hakujua amri ya mahakama ina uzito gani. Alijua, na alitupa somo zuri siku yake ya kwanza ofisini.

Wapo watakaouliza: haya yanahusianaje na uchaguzi? Yanahusiana kwa njia moja rahisi. Uchaguzi haulindwi na mshindi, kwa maana mshindi hana shida. Hulindwa na aliyeshindwa anapokubali kwenda nyumbani, na akiwa na lalama, kwenda mahakamani. Akiamini kwamba mahakama haina meno, hatakwenda huko. Ataenda barabarani.

Hatuhitaji kukisia, kwa kuwa tumekwisha kuyaona. Baada ya uchaguzi wa 1992, kesi ya Kenneth Matiba dhidi ya Rais Daniel arap Moi ilitupwa kwa sababu karatasi zilitiwa sahihi na mkewe. Matiba alikuwa amepata kiharusi alipokuwa kizuizini, na hakuweza kuandika. Kesi ya Mwai Kibaki kuhusu uchaguzi wa 1997 ilitupwa 1999 kwa hoja kwamba Rais hakukabidhiwa karatasi za mashtaka yeye mwenyewe, mkononi. Raia wa kawaida angewezaje kumfikia Rais aliyezungukwa na walinzi? Hilo halikuelezwa. Kwa hiyo, mwishoni mwa 2007, upinzani ulipoambiwa uende mahakamani, ulikataa katakata.

Yaliyofuata tunayajua, sisi tulioishi hapa. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133, na zaidi ya nusu vilitokea katika Mkoa wa Bonde la Ufa. Mwishoni mwa Januari 2008 moto ulifika Nakuru na Naivasha. Uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru uligeuka kambi ya wakimbizi wa ndani. Katika hema moja nilimkuta mwalimu mwenzangu ameketi juu ya sanduku. Nilidhani ameokoa nguo zake. Lilikuwa limejaa madaftari ya wanafunzi aliyokuwa hajamaliza kuyasahihisha. Hakujua angeyarudisha kwa nani, wala shule ipi.

Katiba ya 2010 ilitungwa ili tusirudi huko. Kifungu cha 140 kinampa mlalamishi siku saba za kuwasilisha kesi ya urais, nacho kinaipa Mahakama ya Juu siku 14 za kuiamua. Mnamo 2013 Raila Odinga alishindwa katika mahakama hiyo na, ingawa hakuridhika, akaheshimu uamuzi. Mnamo 2022 alishindwa tena, japo makamishna wanne kati ya saba walikuwa wameyakana matokeo. Mnamo 2017, mahakama iliyoongozwa na Jaji Mkuu David Maraga ilifuta uchaguzi wa 8 Agosti kwa kura nne dhidi ya mbili. Mojawapo ya mambo yaliyoiangusha Tume ya Uchaguzi ni kwamba iliamriwa ifungue mitambo yake ya kompyuta ikaguliwe, nayo haikutii ipasavyo. Majaji wakasema kwamba anayeficha kitabu cha hesabu hana haki ya kulalamika akishukiwa. Maneno haya ni muhtasari wangu, lakini hiyo ndiyo maana yake.

Katika eneo letu, ukaidi huu una sura nyingine, nayo ni ardhi. Waogiek wa Mau walifungua kesi katika Mahakama Kuu mwaka 1997 kupinga kugawiwa wengine kwa msitu wa mababu zao. Kesi ingali mahakamani, mwaka 2001, uchaguzi ukikaribia, serikali ilitangaza kumega hekta zaidi ya 35,000 za Mau Mashariki. Hukumu ilitoka 2014, miaka 17 baadaye. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha nayo iliwapa Waogiek haki, na 2022 ikaagiza walipwe fidia na kupewa hatimiliki. Novemba 2023, nyumba zao zilibomolewa Sasimwani, upande wa Narok. Mtu aliyeshinda kesi mara mbili kisha akabomolewa nyumba, utamshawishi vipi kwamba kura yake italindwa na mahakama?

Nakubali kwamba majaji si malaika. Wapo wanaotoa amri za muda kwa wepesi unaokera, na miradi yenye manufaa hukwama. Lakini sheria imeweka dawa yake: rufaa. Serikali ina Mwanasheria Mkuu na mawakili chungu nzima, na inaweza kuomba amri isimamishwe hata kabla ya jua kutua. Raia akipuuza amri hufungwa. Ikiwa Serikali yenyewe itajichagulia amri za kutii, basi amri imegeuka ombi, na mlango huo ukishafunguliwa, atakayekuja kesho ataupitia pia, awe wa chama hiki au kile.

Walimu wenzangu, wengi wetu huitwa kila uchaguzi kuwa wasimamizi na makarani wa vituo, na vituo vyenyewe ni madarasa yetu. Fomu 34A huanza safari yake mezani petu. Tuijaze kwa uaminifu, mawakala watie sahihi, ibandikwe mlangoni, hata kama kuna mkubwa anayetaka iwe vingine. Nanyi wanafunzi mtakaopiga kura kwa mara ya kwanza mwaka 2027, waulizeni wanaotaka kura zenu swali moja: mahakama ikiamua dhidi yako, utatii?

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sasa namjibu yule kijana wa nyuma. Serikali haina wa kuilazimisha ila raia wanaokataa kuuona ukaidi wake kuwa jambo la kawaida. Siku darasa lilipocheka, nami nilitabasamu. Sikupaswa.