Mzazi, usiufute mwanga wa alfajiri kwenye picha ya mtoto

Binti wa miaka 14 aliipiga picha hiyo Desemba kwa simu, akiwa uani kwa babu yake, juu kidogo ya mji wa Moshi. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika chache asubuhi. Kilele cha Kibo kilikuwa kimeshapata jua na theluji ilikuwa na wekundu hafifu, lakini huku chini migomba ilikuwa bado gizani na ukungu haujaondoka. Pembeni, mdogo kama kidole, babu amesimama na fimbo yake.

Babu alifariki Machi. Familia ilitaka picha hiyo isafishwe na kuwekwa kwenye fremu sebuleni, na baba akajitolea kuirekebisha. Alifanya hivyo usiku, kitandani, taa imezimwa. Akabonyeza sehemu ya simu kurekebisha yenyewe, kisha akaongeza rangi na ukali. Anga likawa la bluu kama wino, theluji nyeupe kama chaki, ukungu ukatoweka. Babu akabaki kivuli cheusi.

"Baba, hapa siyo kwa babu," binti alisema asubuhi.

Baba hakuwa mzembe. Picha kama hii ni ngumu. Kilele cha mita 5,895 hupata jua mapema kuliko mashamba ya chini, hivyo picha moja inabeba mchana na usiku. Simu ikiachiwa irekebishe yenyewe, mara nyingi huchukulia kwamba theluji lazima iwe nyeupe, na wekundu wa jua linalochomoza huuona kama kasoro. Huuondoa, na alfajiri huondoka nao.

Kosa la pili lilikuwa la kitandani. Kwenye giza kioo cha simu huonekana king'aavu mno, mtu hupunguza mwanga kupita kiasi, na karatasi ikitoka studio ni nyeusi tii. Tena simu nyingi siku hizi zina mpangilio wa usiku unaofanya kioo kiwe cha njano. Anayeediti akiwa ameuwasha huona picha ina njano, akaisukuma kwenye bluu, kumbe anapambana na kioo. Kazi hii ni ya mchana, karibu na dirisha, mpangilio huo umezimwa. (Usiku ni wa kulala. Anayekodolea simu hupepesa macho mara chache, na macho hukauka, iwe ni kazi au umbea.)

Bahati nzuri picha halisi ilikuwa bado kwenye simu ya binti. Ile ya kundi la familia la WhatsApp ilikuwa imebanwa ilipotumwa, haifai kukuzwa. Alitengeneza nakala kwanza, halafu akashusha sehemu angavu hadi mikunjo ya theluji ikaonekana. Akainua vivuli kidogo, koti la babu likatengana na migomba. Alipozidisha, giza lilijaa chenga kama mchanga, akarudi nyuma. Rangi hakuongeza, ukungu hakuugusa. Kila baada ya hatua aliweka simu chini na kutazama nje, maana jicho huizoea haraka rangi iliyozidi hadi ikaonekana ya kawaida.

Angekuwa amepiga theluji ikaungua, nyeupe tupu, asingekuwa na la kufanya. Ndiyo maana wakati wa kupiga ni bora kugusa kilele kwenye kioo na kushusha mwanga kidogo. Sehemu ya giza huweza kuinuliwa baadaye, weupe uliopotea haurudi.

Kabla ya kulipia picha kubwa walisafisha ndogo, wakampelekea bibi. Aliishika muda mrefu, akaweka kidole kwenye ukungu.

"Huu ndio alikuwa anausubiri uondoke," alisema, "ndipo aende kwenye kahawa."