Nema isikie pia sauti ya walio mwisho wa mto

MVUTANO uliozuka kuhusu bwawa la Crocodile Jaws, lililopangwa kujengwa kwenye mto Ewaso Nyiro mpakani mwa Isiolo na Laikipia, hauhusu maji pekee. Ni kipimo cha kazi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Kusimamia Mazingira (Nema).

Bwawa hilo lilibuniwa chini ya mpango wa Lapsset, uliozinduliwa mwaka 2012, ambao uliwaahidi wakazi wa Isiolo mji wa kitalii. Wafugaji wanaoishi chini ya mto, kuelekea Merti na kinamasi cha Lorian, waliupinga. Hofu yao ni kwamba maji yakizuiwa juu, malisho yao yatakauka.

Hofu hiyo ina msingi. Mto huo huanzia Mlima Kenya na Aberdare, ukapita Laikipia penye mashamba ya kunyunyiziwa maji, ndipo ukafika Isiolo. Wakati wa kiangazi, sehemu zake za chini hukauka.

Sheria ya mwaka 1999 iliyounda Nema inataka mradi mkubwa ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kupewa leseni. Kibali cha kuteka maji, hata hivyo, hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Matokeo yake ni kwamba kila mradi waweza kupimwa peke yake na kuonekana hauna madhara, ilhali mto hubeba mzigo wa yote kwa pamoja. Ndiyo sababu marekebisho ya mwaka 2015 yalitaka mipango mizima ipimwe, si mradi mmoja mmoja.

Somo liko Lamu. Mwaka 2019, Mahakama Maalumu ya Mazingira ilibatilisha leseni ambayo Nema ilikuwa imekipa kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Kwa Isiolo, kushirikisha kusiwe kikao cha hotelini mjini. Nema ifike Merti, ieleze kwa Kiborana na Kisomali ni maji kiasi gani yatabaki mtoni wakati wa ukame, na isikilize kabla ya kuamua. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, awe juu ya mto au chini.

Leseni ikishatolewa na zege kumwagwa, mfugaji hana pa kurudi. Maji yakimwagika hayazoleki.